Watatu Katika Mia

Oktoba 2004 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo halikufika mwisho wake. Lilipangwa kusajili majeruhi wa kichwa 20,000, likasimamishwa likiwa na 10,008. Jina lake lilikuwa CRASH na makao yake London, lakini wagonjwa wake walitoka hospitali 239 katika nchi 49. Walikuwa watu wazima waliogongwa na magari, walioanguka kutoka juu au waliopigwa, wakafikishwa hospitali ndani ya muda wa saa 8 tangu kuumia, fahamu zao zikiwa zimepungua au zimepotea kabisa. Nusu yao waliwekewa dripu yenye steroidi iitwayo methilprednisoloni kwa saa 48 mfululizo. Nusu nyingine waliwekewa dripu iliyofanana na hiyo kwa kila kitu, ila haikuwa na dawa ndani. Muuguzi aliyeitundika hakujua ni ipi, na ndugu waliosubiri kwenye benchi hawakujua pia.

Baada ya wiki mbili, upande wa dawa walikuwa wamekufa watu 1,052. Upande wa dripu tupu walikuwa 893.

Kwa asilimia, hiyo ni 21.1 dhidi ya 17.9, yaani kama watu watatu zaidi katika kila mia. Nilikutana na jedwali hilo mwaka jana katika somo la takwimu za afya, mwanzoni mwa masomo yangu ya uzamili. Mwalimu alilitumia kutufundisha namna ya kukokotoa uwiano wa hatari, akaendelea na mada nyingine. Mimi nilibaki hapo. Dawa hiyo haikuwa mpya, iliyotoka maabara juzi ikajaribiwa na kushindwa. Yenyewe pamoja na ndugu zake wa ukoo wa steroidi zilikuwa zimetumika kwa majeruhi wa kichwa kwa zaidi ya miaka 30, zikitolewa na madaktari makini wenye nia njema, ambao wengi wao waliona kutozitoa ni uzembe.

Inakuwaje dawa ichukue watu watatu wa ziada katika mia kwa miaka yote hiyo, na walio kando ya kitanda wasiione?

Kisa kinaanzia kwenye ugonjwa mwingine. Mwaka 1961, Joseph Galicich na Lyle French wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza walichokiona kwa wagonjwa wenye uvimbe wa saratani kichwani waliopewa deksamethasoni. Watu waliokuwa wamelala kama gogo walianza kuzinduka. Maji yaliyojikusanya kuzunguka uvimbe yalipungua, na ubongo ukapata nafasi. Tiba hiyo ilikuwa ya kweli na bado inatumika leo.

Kutoka hapo hadi kwa aliyegongwa na gari ni hatua fupi, na mtu yeyote angeipiga. Mguu ukiteguka huvimba, ngozi ikatanuka, maumivu yakaisha baada ya siku kadhaa. Ubongo hauna nafasi hiyo. Umefungiwa ndani ya fuvu lisilopanuka, kwa hiyo ukivimba unajibana wenyewe na kuzuia damu inayoulisha. Madaktari walikuwa wamegundua pia kwamba pigo lenyewe ni nusu tu ya habari. Kinachovunjika sekunde ile hakirudi, lakini baada yake kuna saa na siku ambazo uharibifu unaendelea taratibu. Seli zilizojeruhiwa humwaga kemikali zinazozichosha seli jirani hadi zife, kalisiamu huingia isikotakiwa, na damu huvuja na kuganda. Mtu anaweza kufika hospitali akiongea na usiku wa manane asiamke.

Katika zile saa na siku ndiko matumaini yalikopiga kambi. Kama uharibifu wa pili unakuja polepole, basi kuna muda wa kuukatiza, na kinachohitajika ni dawa tu. Ukitaka kuelewa historia yote ya kutafuta dawa za kulinda ubongo, shika wazo hilo moja. Ni wazo zuri, na uzuri wake umeleta hasara kubwa.

Kwa steroidi, kasoro ilikuwa kwenye neno "kuvimba". Maji yanayozunguka saratani huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu, na steroidi huziba uvujaji wa namna hiyo. Uvimbe unaofuata pigo kwa sehemu kubwa uko ndani ya seli zenyewe, zilizoshindwa kusukuma maji nje. Tunaita yote mawili uvimbe kwa sababu kwa nje yanafanana. Lakini miaka ya 1960 na 1970 hakukuwa na mashine za kuonyesha tofauti hiyo wodini, na mgonjwa mahututi hasubiri nadharia ikamilike.

Majaribio yalifanyika, tena si machache, ila yalikuwa madogo: wagonjwa mia hapa, mia mbili pale. Mengine yalionyesha nafuu, mengine hayakuonyesha kitu. Mwaka 1990 utafiti wa Marekani kuhusu majeruhi wa uti wa mgongo ulitangaza kwamba methilprednisoloni kwa kipimo kikubwa inasaidia, na matumaini yakapanda upya, kwani uti wa mgongo na ubongo ni ndugu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta asilimia 64 ya vituo vya majeruhi vya Marekani vilivyoulizwa vikitumia steroidi kwa majeruhi wa kichwa. Na hiyo ni miaka ileile ambayo mwongozo wa wataalamu wa nchi hiyo ulikuwa unasema zisitumike kushusha shinikizo ndani ya fuvu! Mwongozo uko kwenye karatasi, mazoea yako mkononi.

Mwaka 1997 Phil Alderson na Ian Roberts walikusanya majaribio yote waliyoweza kuyapata, 13 kwa jumla, na kuyasoma kama kitu kimoja. Wagonjwa wote wa miaka yote hiyo, ukiwajumlisha, walikuwa takriban 2,000. Na idadi hiyo haikutosha kujibu swali. Hesabu iliruhusu dawa iwe inaokoa watu kadhaa katika mia, na iliruhusu pia iwe inaua. Roberts na wenzake wakasema basi tuhesabu ipasavyo, na hapo ndipo CRASH ilipozaliwa.

Hapa sina budi kumleta mjomba wangu.

Mwaka 1993 lori liligonga baiskeli yake akitoka sokoni. Alilazwa katika hospitali moja ya mkoa, siku tano bila fahamu. Siku ya kwanza ndugu waliambiwa wakanunue dawa nje, kwa kuwa duka la hospitali lilikuwa halina. Walipewa kikaratasi chenye jina: deksamethasoni, chupa kadhaa. Mama yangu alikuwa na miaka 19, anajifunza ushonaji, na kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho kilikuwa cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na bibi yake. Akaiuza jioni ileile. Siku ya tano mjomba alifumbua macho akaomba uji. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi, husahau majina ya watoto wake, hukasirika upesi, na kila sikukuu kisa kinasimuliwa upya. Nyumbani tunaiita "sindano ya cherehani". Nimekua nikijua kwamba sindano hiyo ndiyo iliyomrudisha mjomba.

Sasa chukua jedwali la CRASH. Upande wa dawa walikufa asilimia 21.1, maana yake karibu 79 katika mia walikuwa hai baada ya wiki mbili. Wengi wa waliopewa steroidi walipona, au angalau hawakufa. Kila mmoja wao alikuwa na familia iliyoona kwa macho yake: amewekewa dawa, ameamka. Daktari naye aliona hivyohivyo. Tuseme wodi inapokea majeruhi 60 wa namna hiyo kwa mwaka. Bila dawa watakufa kama 11, na kwa dawa kama 13. Nani atawaona hao wawili? Mwaka mmoja basi linapinduka, mwaka mwingine mvua inaharibu barabara, mwaka wa tatu anahamia daktari hodari wa upasuaji, na idadi inapanda na kushuka kwa kiasi kikubwa kuliko hao wawili. Hawana alama usoni ya kuonyesha kwamba wao ndio wa ziada. Wanazikwa pamoja na wale ambao wangekufa vyovyote vile.

Ndiyo maana siwezi kuwahukumu madaktari wa miaka ile, ingawa nimesoma waandishi wanaofanya hivyo kwa urahisi mno. Uzoefu wa wodini unafundisha mambo mengi, lakini kwa tofauti ya watatu katika mia hauna macho. Hata miaka 30 ya kazi haimpi mtu mmoja wagonjwa wa kutosha.

CRASH ilikuwa na macho hayo kwa sababu ya ukubwa wake na kwa sababu ya sharti moja ninaloliona la ajabu kidogo. Ili mgonjwa asajiliwe, daktari anayemhudumia alipaswa kuwa na shaka ya kweli kama steroidi itamfaa au la. Aliyeamini kwamba inafaa, angempa mgonjwa wake bila kushiriki. Aliyeamini haifai, asingempa. Kwa hiyo elimu ile yote ilijengwa na waliokuwa tayari kukiri, saa tisa usiku, mbele ya mtu anayekoroma damu puani, kwamba hawajui. Kisha wanafungua boksi lenye namba linalofuata, au wanapiga simu kupangiwa boksi, na bahati nasibu inaamua.

Nimewasimulia rafiki zangu jambo hili, na wengi wanashtuka. Mtu hana fahamu, hawezi kukubali wala kukataa, nanyi mnamchezea kamari? Taratibu za ridhaa ziliwekwa na kamati za maadili za kila mahali, na hazikuwa sawa kote. Naelewa mshtuko huo. Lakini mjomba naye hakuulizwa. Mama hakuulizwa, aliambiwa tu akanunue. Majeruhi wote waliopewa steroidi kwa miaka 30 waliingizwa katika jaribio ambalo hakuna aliyekuwa akiandika matokeo yake, na tofauti pekee ni kwamba aliyeitoa alionekana ana uhakika.

Mei 2004 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu kwa siri iliwaonyesha viongozi wa jaribio namba zilizokusanywa, nao wakasimamisha usajili. Miezi sita baada ya kuumia, pengo lilikuwa bado lipo: asilimia 25.7 walikuwa wamekufa upande wa dawa, na 22.3 upande wa pili. Halikutegemea ukali wa jeraha, wala kama dawa ilitolewa mapema au kwa kuchelewa. Kwa nini hasa steroidi ziliua, jaribio halikueleza. Lilihesabu tu, na hesabu ikatosha kuziondoa wodini.

Ungedhani baada ya hapo watafiti wangepunguza imani. Wapi! Msururu wa dawa za kulinda ubongo ulikuwa umeshaanza na uliendelea. Deksanabinoli ilipimwa kwa wagonjwa 846, matokeo yakatoka mwaka 2006, haikusaidia. Magnesiamu, kwa wagonjwa 499, mwaka 2007, haikusaidia, na kuna kundi lililoonekana kudhurika. Sitikolini, ambayo katika nchi kadhaa ilikuwa ikiuzwa na kuaminiwa, ilipimwa Marekani kwa watu 1,213, na mwaka 2012 ikaonekana haizidi dripu tupu. Zipo nyingine nyingi, na orodha yake inachosha.

Projesteroni ndiyo inayoniuma zaidi. Donald Stein, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, alikuwa ameona maabara kwamba panya jike hupona jeraha la ubongo kuliko dume, na kwamba inategemea walikuwa katika siku zipi za mzunguko wao. Kwa miaka mingi wenzake hawakumsikiliza sana. Aliendelea, mpaka akaonyesha kwamba homoni ya projesteroni inapunguza uvimbe kwa panya, dume kwa jike. Mwaka 2007 jaribio dogo la watu 100 lililofanyika Atlanta lilionyesha vifo vya asilimia 13 kwa waliopewa homoni dhidi ya 30 kwa wasiopewa. Mwaka uliofuata, China, watu 159: asilimia 18 dhidi ya 32. Ukisoma makala za miaka hiyo unasikia mapigo ya moyo ya waandishi. Hatimaye!

Majaribio mawili makubwa yakafuata na matokeo yakachapishwa pamoja Desemba 2014. La kwanza, ProTECT III, lilisimamishwa likiwa na watu 882 kwa kuwa hakukuwa na dalili ya faida: waliopona vizuri walikuwa asilimia 51 kwa homoni na 55.5 bila homoni. La pili, SYNAPSE, lilikuwa na watu 1,195 katika nchi 21: 50.4 na 50.5. Namba hizo mbili za mwisho zimefanana mno kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji.

Panya wa maabara ni wa umri mmoja, ukoo mmoja, na wanapigwa sehemu moja kwa nguvu moja, kisha dawa inakuja kwa wakati uliopangwa. Wodini analetwa mzee aliyeteleza bafuni na anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Analetwa kijana aliyekuwa abiria wa bodaboda bila kofia, na fundi aliyeanguka kutoka ghorofani akavunjika na mbavu. Mmoja anavuja damu juu ya ubongo, mwingine ndani yake, wa tatu havuji ila nyuzi za ubongo zimekatika kwa mtikisiko. Wote wanaandikiwa "jeraha la kichwa". Nadhani hapa kosa la uvimbe linajirudia: jina moja kwa mambo mengi, kisha dawa moja kwa jina hilo.

Nilipomaliza kusoma haya nilimpigia mama simu nikamwomba anisimulie tena kuhusu cherehani. Alisimulia, akaongeza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, kama vile mnunuzi aliyempunja kwa kuwa alimwona ana haraka. Kisha akaniuliza kwa nini nauliza. Nikamweleza kuhusu jaribio, polepole, nikitumia mfano wa watu mia.

"Kwa hiyo ile sindano haikumsaidia mjomba wako?"

"Kwa mtu mmoja haiwezekani kujua, mama. Huenda haikumfanya kitu."

"Au ingemuua."

"Au ingemuua, ndiyo."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, ungekuwa wewe pale, siku ile, ungefanyaje?"

Nikamwambia ningeuza cherehani. Akacheka, akasema ilikuwa nzuri sana, haikuwahi kukata uzi.

Wale wale wa London hawakuacha. Walihamia kwenye dawa ya aina tofauti kabisa, asidi ya traneksamiki, ambayo haigusi seli za ubongo. Kazi yake ni kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, ili mshipa unaovuja uzibike. Iliundwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, waliochapisha kazi yao mwaka 1962. Walitafiti damu kwa sababu nyingine ya kawaida kabisa: baada ya vita maabara yao ilikuwa maskini, na damu wangeweza kutumia ya kwao wenyewe. Utako alitaka kuokoa akina mama wanaokufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, lakini alishindwa kuwashawishi madaktari wa uzazi wa Kobe waijaribu. Dawa ikabaki ikitumika kwa mambo madogo, kama meno na hedhi nzito, kwa karibu nusu karne. Mwaka 2010 jaribio la CRASH-2, lenye majeruhi 20,211 waliokuwa wakivuja damu, lilionyesha kwamba inapunguza vifo, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa kazi hiyo.

Halafu ikaja CRASH-3, kwa majeruhi wa kichwa peke yao: watu 12,737, hospitali 175, nchi 29. Matokeo yalitoka Oktoba 2019. Kwa wote waliotibiwa ndani ya saa tatu, vifo vilivyotokana na jeraha la kichwa vilikuwa asilimia 18.5 kwa dawa na 19.8 bila dawa, tofauti ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta, na mabishano juu yake hayajaisha. Kwa waliokuwa na majeraha madogo na ya wastani, nafuu ilionekana wazi zaidi. Kwa waliofika wakiwa mahututi kabisa, namba zilikuwa karibu sawa pande zote. Utako Okamoto alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98, hakuyaona.

Mwaka huohuo wa 2016 waendeshaji wa CRASH-3 walibadilisha kanuni yao. Mwanzoni walikuwa wakisajili majeruhi hadi saa 8 baada ya kuumia. Ushahidi kutoka majaribio mengine ya dawa hii ulikuwa umeonyesha kwamba kwa mtu anayevuja damu faida yake inapungua kadiri muda unavyokwenda. Uchambuzi wa baadaye ulikadiria kwamba kila dakika 15 za kuchelewa zinakula kama sehemu moja ya kumi ya faida, hadi kufikia saa tatu, ambapo haibaki. Wakaandika upya sharti la usajili: saa tatu tangu ajali, na anayefika baada ya hapo apewe huduma nyingine zote, lakini asiwekwe kwenye jaribio.